Awamu Imebadilika, Mafao Yangu Je?

PESA ZA UZEENI: Barua za wasomaji zinajibiwa na Mama Mhasibu, Morogoro

Barua za safari hii karibu zote zina wasiwasi mmoja. Watu wanauliza: uongozi wa nchi unapobadilika, akiba ya uzeeni inabaki salama? Na kama haibaki, je, hisa ndiyo kimbilio? Nimechagua barua nne. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Kwa wasomaji wapya: mimi si dalali wa hisa, siuzi vipande, yaani vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wala sina mtu wa kumpelekea mteja. Nilikaa kwenye vitabu vya halmashauri mpaka nikastaafu mwaka 2019, na hesabu za kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, nimezifanyia wenzangu wengi pale mezani, wengine wakitoka wanafuta macho.

*

"Shikamoo Mama Mhasibu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kondoa. Niliajiriwa Julai 1996 na natimiza miaka 60 Julai 2026. Nilikuwa mwanachama wa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, sasa PSSSF. Mshahara wangu miaka miwili iliyotangulia ulikuwa 1,150,000, na tangu Julai 2025 ni 1,300,000. Tulipoajiriwa tuliambiwa nusu ya mafao mtu anachukua kwa mkupuo. Awamu ya tano ikaleta 25, ikarudi nyuma. Awamu ya sita ikaleta 33, sasa wanasema 40. Binti yangu yupo Dodoma, anasema mkupuo wote niweke kwenye hisa za benki maana gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, linapanda kila mwaka. Mke wangu anataka tumalize nyumba. Mimi naogopa vyote. Ikija serikali nyingine si watabadilisha tena?" (Mwalimu, Kondoa)

Marahaba mwalimu. Hongera kwa miaka 30 ya chaki, si mchezo.

Tuanze na hesabu, maana hofu nyingi ya mafao inatokana na kutokuiona hesabu yenyewe ikiwa kwenye karatasi. Kanuni inayotumika tangu Julai 2022 ni hii: wanachukua wastani wa mshahara wako wa mwaka katika miaka mitatu bora ndani ya miaka 10 ya mwisho, wanazidisha kwa miezi uliyotumikia, wanagawanya kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni yako ya mwaka kabla haijakatwa kitu. Mkupuo ni asilimia yako ya pensheni hiyo, mara 12.5. Sehemu inayobaki ya pensheni hiyo ya mwaka inagawanywa kwa 12, unalipwa kila mwezi.

Wako sasa. Miaka miwili ya 1,150,000 na mmoja wa 1,300,000, wastani ni 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Angalia hapo: nyongeza ya Julai 2025 imeingia kwenye mwaka mmoja tu kati ya mitatu, kwa hiyo kati ya ile 150,000 uliyoongezwa, kwenye mafao imehesabika 50,000. Wengi wanaostaafu karibu na nyongeza ya mshahara wanapiga hesabu kwa mshahara wa mwisho, halafu wakipokea wanadhani wameibiwa.

Endelea. 14,400,000 mara 360 gawanya kwa 580 ni 8,937,931. Wewe ulikuwa kwenye mfuko uliokuwa ukitoa asilimia 50, kwa hiyo umo kwenye kundi lililopandishwa kutoka 33 hadi 40 katika bajeti ya 2024. Wale waliokuwa wakipata 25 zamani wamewekwa 35. Mkupuo wako utakuwa kama 44,689,000, na pensheni ya mwezi kama 446,900.

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, tukitumia wastani ule ule wa mshahara, ungegawanyiwa kwa 540 badala ya 580, mkupuo ungezidishwa kwa 15.5 badala ya 12.5, na ungechukua nusu. Ungeondoka na 74,400,000, na 400,000 kwa mwezi. Kwa hiyo umepunguziwa karibu milioni 30 mkononi, ukaongezewa elfu 47 kwa mwezi. Ukitaka elfu 47 hizo zifidie milioni 30, itakubidi uishi zaidi ya miaka 50 baada ya kustaafu. Mwenyezi Mungu akujalie, lakini tusidanganyane. Ulichopoteza ni kikubwa, na anayekwambia kwamba "ni mgawanyo tu, jumla ni ile ile" hajapiga hesabu au hataki uipige.

Mimi nilistaafu kabla. Desemba 2018 kanuni mpya ilisimamishwa na Rais Magufuli baada ya vyama vya wafanyakazi kulalamika, na sisi wa 2019 tukalipwa kwa ile ya zamani. Nimetumikia Serikali ile ile, mfuko ule ule, ila tarehe ya kuzaliwa ndiyo iliyoniokoa. Nakutajia hili ili ujue kwamba swali lako la mwisho si la mtu mwoga. Ndiyo, wanaweza kubadilisha tena. Wamebadilisha 2018, wakarudisha, wakabadilisha 2022, wakarekebisha 2024. Ila kwa desturi mabadiliko haya yamekuwa yakimgusa anayestaafu kuanzia tarehe fulani. Mkupuo ukishaingia kwenye akaunti yako, hakuna kanuni ya kuufuata huko.

Kuhusu mfuko kufa kabisa, ambako najua ndiko wasiwasi wako unakoelekea: nyie mlioajiriwa kabla ya Julai 1999 mlikuwa hamchangii, PSPF ilipoanza ikawapokea na miaka yenu mitupu, Serikali ikiwa imeahidi kuilipia. Haikuilipia kwa muda mrefu. Hilo ndilo lilikuwa shimo kubwa la PSPF, na mwaka 2018 mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ilipounganishwa kuwa PSSSF, shimo likahamia huko. Mwishoni mwa 2021 Serikali ikaupa mfuko hatifungani maalumu isiyo taslimu ya shilingi trilioni 2.17 kwa ajili ya deni hilo. Isiyo taslimu maana yake mfuko haukupewa pesa siku ile, umepewa karatasi ya deni yenye riba. Si pesa ya kuhesabu kidoleni, lakini ni bora kuliko ahadi ya mdomo iliyokuwapo miaka 20. Sioni PSSSF ikishindwa kukulipa laki nne na arobaini na saba zako. Ninachoona ni kwamba kiasi hicho kitaongezwa pale tu itakapoamuliwa kuongezwa, huku bei ya unga haisubiri uamuzi wa mtu.

Sasa tuje kwa binti yako. Gawio kweli limepanda. Chukua benki ya CRDB, maana ndiyo kila mtu anaitaja: kwa hesabu za mwaka 2020 ililipa shilingi 22 kwa hisa, 2021 ikalipa 36, 2022 ikalipa 45, 2023 ikalipa 50, 2024 ikalipa 65. Mtu akiziangalia namba hizo anasema awamu ya sita imeleta neema sokoni. Lakini rudi nyuma kidogo. Kwa mwaka 2017 benki hiyo hiyo ililipa shilingi 5, kwa 2018 ikalipa 8, kwa 2019 ikalipa 17. Kupanda kulianza Magufuli akiwa bado Ikulu. Na gawio kuwa dogo vile mwanzoni kulikuwa na sababu zake: mapema 2016 amana za taasisi za umma ziliamriwa zihamishiwe Benki Kuu, na mikopo isiyolipika ilikuwa imeizidi benki. Kwa hiyo Serikali inaweza kuigusa hisa yako, tena sana, ila haifuati kalenda ya uchaguzi, na haigusi upande mmoja tu.

Jambo ambalo binti yako hakukwambia ni bei. Hisa inayolipa 65, ukiinunua kwa 650, imekupa asilimia 10 kwa mwaka. Ukiinunua ile ile kwa 1,300 imekupa asilimia 5. Hapo bado kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, asilimia 5 ya gawio, haijatolewa, ukiitoa inabaki 4.75. Ni kumnunua mbuzi yule yule kwa bei ya mbuzi wawili, maziwa hayaongezeki. Kwa hiyo kabla ya kuweka hata shilingi, tazama bei ya siku hiyo, chukua gawio la mwisho ugawanye kwa bei. Hesabu hii haihitaji shahada.

Na asilimia hiyo unailinganisha na nini? Unailinganisha na 8. Namba hii watu hawaijui, nayo imo ndani ya kikokotoo chenyewe. Kutoka 33 kwenda 40, mkupuo wako umeongezeka 7,820,690 na pensheni ya mwezi imepungua 52,138. Zile 52,138 kwa mwaka ni 625,656. Gawanya kwa 7,820,690, unapata asilimia 8 kamili. Ndiyo maana ya 12.5. Yaani kila shilingi unayoichukua mapema kwa mkupuo, mfuko unakukata asilimia 8 yake kwa mwaka, maisha yako yote. Pesa hiyo ukiiweka mahali panapokulipa zaidi ya 8, umewashinda, na mtaji bado ni wako na wa wanao. Ukiiweka mahali panapolipa 5, ukaacha ilale, ungekuwa na nafuu zaidi wangekupa kwa mwezi. Na ukiila, basi umeuza pensheni yako kwa harusi.

Kwa kipimo hicho, hisa zinazokulipa 4.75 si mahali pa mkupuo wa mstaafu, hata kama bei yake imekuwa ikipanda. Bei ni ya kukufurahisha mpaka siku unayotaka kuuza, na siku hiyo kwa mstaafu ni siku ya hospitali, hachagui.

Mimi ningekuelekeza kwenye hatifungani za Serikali za muda mrefu. Najua utaniuliza: Mama, unanikimbiza kwenye Serikali ile ile iliyonikata? Ndiyo, lakini kuna tofauti kubwa hapo. Kikokotoo ni kanuni, inaandikwa upya wewe ukiwa katikati ya safari. Hatifungani riba yake imeandikwa siku inapotolewa. Mwaka 2022 hii hii awamu ya sita ilishusha riba za hatifungani mpya: ya miaka 20 iliyokuwa inatoa asilimia 15.49 ikatoka mpya kwa 12.10. Watu walilalamika sana. Lakini waliokuwa wameshanunua ile ya 15.49 waliendelea kulipwa 15.49, na wanaendelea mpaka iive. Miaka iliyofuata riba zikapandishwa tena, na walionunua kwa 12.10 wao hawakupandishiwa. Serikali ikibadili mawazo, inabadilisha kwa wanaokuja.

Kwa mahesabu tupige kwa riba ndogo, 12.10. Milioni 25 zikikuzalia 12.10 ni 3,025,000 kwa mwaka, unalipwa mara mbili, kila miezi sita 1,512,500. Kwa mwezi ni kama 252,000. Jumlisha na pensheni, unakaribia laki saba. Riba ya hatifungani hizi ndefu haikatwi kodi ya zuio. Kununua unaanzia shilingi milioni moja, unapitia benki yako au dalali aliyeidhinishwa, mnada unaendeshwa na Benki Kuu. Na usitishwe na miaka 20 kwa umri wako: ukihitaji pesa unaiuza kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na ikibaki ni mali ya mirathi. Ila siku ya kuuza, kama riba za hatifungani mpya zimepanda kuliko yako, utaiuza kwa hasara. Kwa hiyo usiweke humo pesa utakayoihitaji karibuni.

Kwa hiyo gawanya hivi. Milioni 25 hatifungani. Milioni 5 Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwa ajili ya dharura, maana vipande vyake unaviuza na kupata pesa ndani ya siku chache. Milioni 12 nyumba, na mama asinikasirikie. Nyumba ni jambo jema, mstaafu asiyelipa kodi ya pango ameshajiongezea pensheni. Lakini mwite fundi akuandikie gharama sasa, ukiwa bado na mshahara: bati ngapi, madirisha mangapi, choo cha ndani. Nimeona wastaafu wakianza ujenzi na milioni 40 mkononi. Nyumba inakua kila Jumamosi, inaota varanda, inaota chumba cha wageni, mpaka mkupuo umekwisha na milango haijawekwa. Kinachobaki, milioni 2 na laki sita na ushee, mpe binti yako furaha yake. Nunueni hisa mbili tatu za kampuni tofauti, mziangalie.

Na jambo la mwisho, la kufanya wiki hii: fungua PSSSF Kiganjani au nenda ofisi ya Dodoma ukahakiki miezi yako. Walimu wengi walioajiriwa miaka ile ya 90 wana tarehe ya barua ya ajira tofauti na tarehe iliyomo kwenye mfumo. Kwa mshahara wako, mwaka mmoja ukipotea kwenye kumbukumbu unapunguza mkupuo kwa karibu milioni moja na nusu, na pensheni karibu elfu 15 kila mwezi. Tafuta barua ya kwanza ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa daraja. Ukizikosa, anza kuziomba kwa mkurugenzi sasa, usingoje Julai.

*

"Shikamoo Mama. Nina miaka 34, ni muuguzi Mwanza, mwaka wa tisa kazini. Sokoni kumechangamka tangu awamu hii, rafiki zangu wamepata faida kwenye hisa za benki kuliko mshahara. Nimechoka kuchangia mfuko ambao kila rais anakuja na kikokotoo chake. Nataka niache kazi, nichukue michango yangu, ninunue hisa, nifungue duka la dawa. Nianzie wapi?" (Muuguzi, Mwanza)

Marahaba mwanangu. Anzia kwa kurudisha hiyo barua ya kuacha kazi kwenye droo.

Fao la kujitoa liliondolewa na sheria ya 2018. Likaja fao la kukosa ajira, nalo ni kwa aliyeachishwa, si kwa aliyeondoka kwa hiari yake. Kwa hiyo huo mtaji unaoupigia hesabu haupo mkononi mwako, hata ukiacha kazi kesho asubuhi.

Halafu tazama hati ya mshahara wako vizuri. Kwenye PSSSF wewe unakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 15. Kama mshahara wako ni milioni moja, wewe umetoa elfu 50 na Serikali imetoa laki moja na nusu juu yake. Hakuna hisa ya benki yoyote itakayokuwekea shilingi tatu kwa kila shilingi yako siku ile ile unayoiweka. Unalalamikia kikokotoo, na mimi nimekilalamikia hapo juu, lakini hata kikokotoo kibaya juu ya asilimia 20 kinaishinda asilimia 5 yako peke yake. Na ili upate pensheni unahitaji angalau miezi 180 ya michango. Una kama 108. Bado miaka sita tu upite mstari, ndipo uanze kuzungumza habari ya kuondoka.

Hao rafiki zako sikatai kwamba wamepata. Bei za hisa za CRDB na NMB zimepanda sana miaka hii, na gawio la NMB lililokuwa shilingi 137 kwa hesabu za 2020 lilifika 386 mwaka uliofuata. Lakini hao hao waulize walinunua lini. Aliyenunua CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150 ilipouzwa kwa umma, alipitia kipindi, zaidi ya miaka kumi baadaye, ambapo ilikuwa inauzwa chini ya hiyo 150. Kipindi kile hapakuwa na aliyekuwa akinitumia barua za kuacha kazi ili anunue hisa.

Wewe una kitu ambacho mwalimu wa Kondoa hana, nacho ni miaka 26 mbele yako. Kwa hiyo hisa kwako ni jambo zuri kabisa, ila kwa pesa ya pembeni. Fungua akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hisa zako, kwa dalali au tumia Hisa Kiganjani kwenye simu, tenga elfu 50 kila mwezi ukipokea mshahara, nunua bila kutazama nani kateuliwa na nani katumbuliwa. Gawio likija, nunulia hisa nyingine. Ada za kununua, ukijumlisha za dalali na za soko, hupita kidogo asilimia 2, na ukiuza unalipa tena. Kwa hiyo hao wanaonunua Jumatatu na kuuza Ijumaa wanamtajirisha dalali. Elfu 50 kila mwezi kwa miaka sita ni milioni 3 na laki sita kabla ya faida, na huo ndio mtaji wa kuanzia duka la dawa usiomdai mtu.

*

"Mama Mhasibu, habari za Morogoro. Mwaka 2017 nilinunua hisa 2,000 za Vodacom kwa 850 kila moja, milioni moja na laki saba za pensheni yangu. Tuliambiwa ni fursa ya Watanzania. Baadaye bei ilishuka chini ya hapo. Je, niuze sasa au ningoje awamu nyingine, labda watakuja na sera nzuri?" (Mstaafu wa bandari, Tanga)

Habari ni njema, kaka yangu, mvua tu imetukatisha barabara.

Hisa zile hazikuja sokoni kwa sababu kampuni ilikuwa na hamu ya kugawana nasi. Sheria ya Fedha ya 2016, mwaka wa kwanza wa awamu ya tano, ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa kwa umma. Hisa milioni 560 zikaletwa kwenye soko dogo kwa mkupuo, kwanza kwa Watanzania peke yao, hazikuisha, wakafunguliwa na wageni. Kitu chochote kikiletwa kwa wingi kuliko wanunuzi, bei yake ya baadaye unaijua, wewe umekaa bandarini. Kwa hiyo hasara yako ilianza na Serikali, nakubaliana nawe. Lakini hiyo si sababu ya kungoja Serikali nyingine ikuondolee. Sera nzuri haiwezi kuirudisha 850. Kinachoweza kuirudisha ni faida ya kampuni na gawio lake.

Kwa hiyo isahau 850. Chukua taarifa ya mwaka ya kampuni ya karibuni, tafuta gawio kwa hisa, gawanya kwa bei ya leo kama nilivyomwonesha mwalimu. Ukipata asilimia ndogo kuliko unayoweza kupata kwenye hatifungani, na wewe ni mstaafu unayehitaji kipato, uza. Ukipata ya kuridhisha, kaa nazo ule gawio. Ukiamua kuuza, usimwambie dalali "uza kwa bei yoyote." Soko letu kuna siku mnunuzi ni mmoja tu, naye anajua una shida. Muulize kwanza kuna wanunuzi wangapi kwenye foleni na kwa bei gani, kisha umpe bei yako ya chini kabisa, umwachie oda hata wiki mbili.

*

"Mambo vipi dada, samahani kama si mahali pake. Ni mlinzi kampuni binafsi hapa Dar, miaka minne. Kila mwezi nakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Juzi nimeambiwa na mwenzangu kwamba michango yetu haipelekwi. Bosi anasema wakati wa serikali hii biashara ni ngumu, tusubiri. Pesa hizo si bora wanipe mkononi ninunue hisa au vipande?" (Mlinzi, Mbagala)

Mahali pake ndipo hapa, mdogo wangu, na barua yako ndiyo iliyonikera kuliko zote.

Serikali haihusiki na hilo hata kidogo. Bosi wako amekata pesa kwenye mshahara wako, zilikuwa zako tangu alipozikata, na juu yake alitakiwa aongeze asilimia 10 ya kwake. Asipopeleka anadaiwa zote mbili pamoja na adhabu ya kuchelewesha, na NSSF wana uwezo wa kumfikisha mahakamani. Usikubali akupe "mkononi", kwa sababu atakupa ile 10 yako tu na ile nyingine atabaki nayo.

Usitegemee maneno ya mwenzako. Nenda na namba yako ya uanachama na kitambulisho ofisi yoyote ya NSSF, waombe taarifa ya michango yako, ni bure. Itaonesha mwezi kwa mwezi kilichoingia. Ilinganishe na hati zako za mshahara. Kama hukuzitunza, zile jumbe za benki zinazoonesha kilichoingia zitasaidia. Miezi isiyokuwapo iandike, peleka malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kama unaogopa kufukuzwa, nendeni wengi. Kampuni ya ulinzi yenye walinzi 40 waliosaini karatasi moja haiwezi kuwafukuza wote usiku mmoja, malindo yatalindwa na nani?